Mrejesho: dawa za malaria na chanjo za watoto, safari ya Serengeti

Habari zenu ndugu. Ni mimi niliyeuliza nifanye nini kabla ya kuwatoa wanangu (miaka 6 na 3) Nairobi kwenda Serengeti. Tumerudi salama, asanteni sana.

Uliyesisitiza chanjo ya homa ya manjano siku 10 kabla, Mungu akubariki. Mpakani Namanga walitaka kadi za chanjo za wote, hata za watoto.

Vidonge vya atovakwoni-proguanili (dawa ya kuzuia malaria) tulianza siku moja kabla ya kuondoka, tukamaliza siku 7 baada ya kutoka Serengeti. Mkubwa hakusumbua. Mdogo, jamani! Cha kwanza alikitema, cha pili akakitapika baada ya dakika kumi, ikabidi apewe kingine. Kuponda na kuchanganya na maziwa, kama mlivyosema, ndiko kulikotuokoa.

Chandarua tulibeba, ila usiku mmoja hatukupata pa kukitundika. Tulibaki na dawa ya kupaka na nguo za mikono mirefu. Mbu waliuma hata hivyo.

Wiki ya pili nyumbani mdogo akashikwa na homa. Nikakumbuka onyo lenu kwamba homa baada ya safari yaweza kuwa malaria, nikampeleka kupimwa siku hiyohiyo: hana vimelea vya malaria, mafua tu. Daktari kasema homa ikirudi apimwe tena.