Aliutikisa mfuko wa zawadi mzee akiwa katikati ya Luka, na aliyeutikisa mnamjua

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa jikoni usiku wa Krismasi, mikono ikinuka vitunguu na moyo ukichemka kuliko sufuria iliyo mekoni, kwa sababu yule mtu ameketi sebuleni sasa hivi akichokonoa meno kana kwamba hakuna lililotokea. Sitamtaja jina. Mnamjua. Kila boma kuanzia Luanda hadi Kakamega lina wake: ndiye anayefika wa mwisho, na ndiye anayeulizia nyama kabla ya kuwajulia hali wagonjwa.

Mwezi wa Novemba tulikubaliana katika kikundi cha ukoo, tena kwa maandishi, kwamba mwaka huu tunapunguza zawadi: tupige kura kwa vikaratasi ndani ya kofia ya mzee, kila mtu ampe zawadi mmoja tu, asitumie zaidi ya shilingi 300 au atengeneze kitu kwa mikono yake, na fedha zitakazobaki ziingie kwenye mchango wa mabati ya mjane jirani yetu, ambaye mvua humfuata hadi kitandani. Tulisema Krismasi iwe ya Yule aliyezaliwa, na Januari itukute bado tuna karo ya watoto. Huyo huyo ndiye aliyejibu "Amina" mara tatu. Ninazo hizo Amina kwenye simu, wala sitazifuta.

Jina lake likaniangukia mimi. Nikanunua njugu, nikazilowesha kwa maji ya chumvi, nikazikaanga kwa moto wa taratibu huku nikizigeuza kwa mwiko hadi mkono ukafa ganzi, nikazitia katika chupa niliyoichemsha, nikakifunika kifuniko kwa kipande cha leso, kisha nikaiweka chupa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na kadi niliyoiandika mwenyewe. Leo baada ya ibada, mzee akiwa amevaa miwani na amefika Luka mlango wa pili, pale mtoto anapolazwa katika hori, huyo mtu akaitoa chupa, akaiweka chini karibu na mguu wa kiti, akaugeuza mfuko juu chini, akautikisa.

Akautikisa, ndugu zangu. Aliutikisa kwa nguvu hata kuku watatu walionusurika kisu cha asubuhi wakaingia mbio kutoka uani wakidhani wanamwagiwa mahindi. Ikadondoka kadi, na baada ya kadi ganda moja la njugu. Kadi hakuiokota. Akalitazama ganda, akanitazama mimi, akasema: "Na zawadi yenyewe iko wapi, shemeji?"

Mzee akanyamaza, kidole kikiwa bado juu ya mstari. Mimi nimeolewa katika boma hili, siwezi kujibizana na shemeji mbele ya baba mkwe, kwa hiyo nikayameza maneno yangu makavu bila hata chai ya kuyasukumia. Naye akaongeza kwamba hata mamajusi walileta dhahabu. Mamajusi! Mtu ambaye zawadi yake kwa mama mkwe ilikuwa kalenda inayotolewa bure na duka la dawa za mifugo, yenye picha ya ng'ombe kila mwezi! Lakini hata kalenda nimeisamehe. Kinachoniwasha ni ule mtikiso. Kila nikifumba macho nauona mfuko ukiwa juu chini.

Mwanakwaya wa Mbale: Pole sana, dada. Mwambie aisome Mathayo mlango wa pili mwenyewe: mamajusi walimtolea mtoto dhahabu, uvumba na manemane, hawakupeana wao kwa wao, wala hakuna aliyemtikisia mwenzake mfuko. Isitoshe, Maandiko hayasemi popote kwamba walikuwa watatu. Hesabu hiyo tumeipata kwa kuzihesabu tunu.

Fundi wa Nakuru: Nimesoma uzi wote nikilitafuta kosa la shemeji, sijaliona. Mtu mzima amepanda matatu kutoka Nairobi kwa nauli iliyopanda mara mbili, halafu anakabidhiwa njugu? Mimi ningeutikisa mfuko, kisha ningeichungulia na chupa.

Mwenye uzi: Wewe Fundi bila shaka ndiye yeye. Narudia kwa wasioelewa: chupa alikuwa ameshaitoa. Alikuwa ameiona. Bado akautikisa.

Bibi wa Kondele: Heri wewe uliyetikisiwa mfuko sebuleni. Kwetu zawadi ya Krismasi ya mchungaji hutangazwa kanisani kwa jina na kiasi tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, na sisi tulioahidi shilingi mia mbili husomwa mwisho, kwa sauti ile ya kumsomea marehemu wasifu wake. Yule Nikolasi, askofu wa Mira wa karne ya 4 ambaye ndiye chimbuko la mzee wa ndevu nyeupe wa madukani, husimuliwa kwamba aliwatupia wasichana maskini dhahabu dirishani usiku ili asijulikane. Kwetu angeambiwa kwanza apande mbele ataje kiasi kwenye kipaza sauti.

Fundi wa Nakuru: Kwa hiyo shemeji angetupiwa njugu dirishani?

Kijana wa Kibuye: Mnaopunguza zawadi ndio mnaonimaliza. Nimefungua marobota mawili ya nguo za watoto, na tangu koo zenu zilipoanza kuitafuta maana ya Krismasi, gauni zimenilalia hadi zimeanza kunifahamu kwa jina.

Mwanakwaya wa Mbale: Gauni la mtoto si anasa, ndugu yangu. Sisi sote hapa tuliijua Krismasi kwa nguo mpya na chapati kabla ya kumjua Luka.

Mzee wa Bungoma: Mnabishana juu ya njugu na gauni, wala hakuna aliyeuliza habari za imondo, yaani firigisi. Zawadi ya Krismasi ya huku kwetu ni kuku, na kiini cha kuku ni firigisi, nayo ni ya mwenye boma. Leo, nyumbani kwangu, nikiwa hai na nimevaa koti, nimeletewa bawa.

Bibi wa Kondele: Firigisi ameila mpishi, na aliyesimama jikoni tangu saa kumi alfajiri ana haki nayo.

Mzee wa Bungoma: Mama, hayo usiyaseme mbele ya watoto.

Kijana wa Kibuye: Kwetu mwaka huu firigisi imegawanywa mara nne kwa wembe.

Mwenye uzi: Jamani, nawaomba turudi kwenye mfuko. Mzee alikuwa ameweka kidole kwenye mstari, mtoto yumo horini, na huyu akaugeuza juu chini...

Mzee wa Bungoma: Binti yangu, habari za mfuko tumezisikia. Swali langu ni moja: katika kuku mliochinja leo, firigisi alipewa nani?

Mwenye uzi: Alipewa yeye.