Tupeane uzoefu: ni maneno gani ya prompti hasi yaliyoiokoa picha yako?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa prompti hasi, yaani yale maneno tunayoiandikia programu ya akili bandia ili vitu fulani visijitokeze kwenye picha. Tangu Stable Diffusion, modeli ya akili bandia inayotengeneza picha kutokana na maandishi, ilipotolewa kwa umma mwezi Agosti 2022, zimesambaa orodha ndefu za kunakili na kubandika, na wengi huzitumia bila kujiuliza kila neno lililomo linafanya kazi gani. Msimamo wangu ni kwamba maneno machache, yaliyochaguliwa baada ya kuitazama picha yenyewe, huzishinda orodha hizo.

Naanza mimi. Nilikuwa natengeneza picha ya bibi anayeshona nguo karibu na dirisha, nami nilitaka ionekane imepigwa kwa kamera. Ikatoka na ngozi laini kama ya mwanasesere, macho yanayometameta na rangi zilizokolea kupita kiasi. Niliiacha namba ya mbegu, yaani ile inayoamua picha inaanzia wapi, ilivyokuwa, kisha kwenye prompti hasi nikaandika mchoro, katuni na uhuishaji, basi. Bibi alibaki palepale alipokuwa ameketi, lakini makunyanzi ya mikono yalionekana, uzi ukatengana na kitambaa, na mwanga wa dirishani ukatulia. Nasisitiza suala la namba ya mbegu kwa sababu ikibadilika, huwezi kujua kama tofauti unayoiona imeletwa na neno lako au na bahati tu.

Mchangiaji wa kwanza

Nakuunga mkono, ndugu, na nadhani ukijua kinachoendelea ndani utaelewa kwa nini orodha ndefu hazisaidii. Picha huanza ikiwa chengachenga tupu zinazoondolewa hatua kwa hatua, na katika kila hatua modeli hukisia mara mbili chengachenga za kuondoa: mara moja kwa kufuata prompti yako, na mara ya pili kwa kufuata prompti hasi, kisha picha husukumwa mbali na kisio la pili kuelekea la kwanza. Katika mbinu ya awali, iliyoelezwa na watafiti Jonathan Ho na Tim Salimans, kisio hilo la pili halikuwa na maelezo yoyote, na prompti hasi imekuja kukalia nafasi hiyo iliyokuwa tupu. Nguvu ya msukumo hupangwa kwa kipimo cha CFG, ambacho wengi wetu hukiacha kwenye 7 au karibu na hapo. Kikishushwa hadi 1, prompti hasi haina uzito wowote. Ndiyo maana nilipojaribu modeli za haraka, zile zinazomaliza picha kwa hatua chache na kutaka CFG ya 1, hakuna neno hasi lililobadilisha chochote.

Mchangiaji wa pili

Uzoefu wangu unahusu miwani. Nilihitaji picha ya mwalimu asiyevaa miwani, na kila nilipoandika "bila miwani" kwenye prompti kuu, mwalimu alitokea amevaa miwani, tena yenye fremu nene. Sehemu ya modeli inayosoma maandishi hulishika jina la kitu kwa nguvu kuliko neno linalokikanusha. Nilipolihamishia neno "miwani" kwenye prompti hasi, likiwa peke yake, tatizo liliisha. Tafadhali msiandike "hakuna miwani" huko kwenye hasi. Kitajeni kitu chenyewe tu.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze tahadhari, kwa kuwa jambo hili limenigharimu picha nzuri. Neno hasi halichagui mahali pa kufanyia kazi. Niliandika "ukungu" ili uso wa mtoto uwe wazi, na kweli uso ulikuwa wazi, ila mandhari ya nyuma, niliyotaka yafifie ili macho ya mtazamaji yabaki kwa mtoto, nayo yakawa makali hadi kila jani likawa linashindana na uso. Neno "mbaya" lina athari nyingine ambayo binafsi inanisumbua zaidi: linafuta makovu, meno yaliyopishana na pua pana, hata watu wote wanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Mtu anayetaka sura zenye uhai aliondoe kabisa.

Mchangiaji wa nne

Kuhusu mikono na vidole sita: maneno kama "mikono mibaya" hufanya kazi vizuri kwenye modeli za katuni za Kijapani, kwa kuwa picha nyingi zilizozifunza zilikuwa na lebo za aina hiyohiyo. Kwenye modeli za picha halisi hali ni tofauti, maana ni nadra mtu kuweka picha mtandaoni na kuandika chini yake kwamba mkono una kasoro. Kinyume chake, "maandishi" na "alama ya hakimiliki" huitika vyema, kwani alama hizo zilijaa kwenye picha za mafunzo na mara nyingi zilitajwa. Kwa mikono, mimi huchagua eneo la kiganja peke yake na kulichora upya.

Mchangiaji wa tano

Wanaotumia Midjourney, programu nyingine ya kutengeneza picha, waongeze --no mwishoni mwa prompti, wakifuatisha jina la kitu. Wanaotumia modeli ya picha ya FLUX.1, toleo la dev, wafahamu kwamba katika matumizi yake ya kawaida hakuna prompti hasi, hivyo itawabidi waeleze wanachokitaka: badala ya kukataa umati, waandike barabara tupu.

Mchangiaji wa sita

Nami huongeza uzito, yaani nguvu ya neno lililopo, kabla ya kuongeza maneno. Programu nyingi za Stable Diffusion hukubali mabano na namba, kwa mfano (kivuli:1.3). Nikivuka 1.5 rangi huanza kuharibika, kwa hiyo hupanda polepole, na nikiona neno halijabadilisha kitu hata hapo, nalifuta.