Tupeane uzoefu: mwimbaji chipukizi wa Ufilipino aliyekugusa moyo ukiwa huku mbali

Wakuu, habari za jioni.

Kuna binti mmoja wa Cebu, huko Ufilipino. Jina lake siliweki hapa, bado anajitafuta na sijamwomba ruhusa. Anaimba akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yao, gitaa lake limebandikwa stika ya Santo Niño, yule Mtoto Yesu wanayemheshimu sana Cebu. Simu huwa anaiegemeza kwenye ndoo. Najua kwa sababu siku moja iliteleza tukaona ndoo, kandambili na anga, na yeye hakuacha kuimba. Majogoo ya jirani yanawika katikati ya ubeti na wimbo unakwenda vilevile.

Nilimpata mwezi wa nne, usiku, nikiwa namuuguza mama hospitali. Usingizi hakuna, nimeweka spika ya sikioni moja tu ili nimsikie mama akiita. Video ikajileta yenyewe. Sikuelewa neno hata moja, ila kuna neno lilikuwa linarudi kila mwisho wa mstari: *palihug*. Mama akafumbua macho, akanitazama, akasema, "Nipe na mimi sikio moja." Tukasikiliza mpaka nesi wa zamu akaja kubadilisha dripu. Kesho yake nikatafuta maana. Ni Kibisaya, lugha ya huko Cebu, na maana yake ni "tafadhali".

Wakati huo alikuwa na wafuasi 300 na kitu. Nikamfuata, nikamwandikia kwamba wimbo wake umesikilizwa wodini Dar es Salaam na mama mgonjwa. Hakunijibu siku hiyo. Nadhani aliona ni utani.

Naamini wapo humu wenye yao. Karibuni.

Baharia wa Kilindini

Mkuu umenigusa. Nimefanya kazi melini na Wafilipino miaka 6, na kama umewahi kupanda meli ya mizigo unajua hutawakosa. Jumamosi baada ya chakula, mesi, chumba chetu cha kulia, inageuka ukumbi. Wanaiita videoke, yaani karaoke: unaimba ukifuata maneno kwenye skrini. Fundi mitambo ambaye mchana hasemi na mtu, akishika maiki unaacha sahani yako.

Mpishi wetu tulimwita Kuya, yaani kaka mkubwa. Alikuwa na mpwa wake anayeimba na kurekodi chumbani. Kabla ya kung'oa nanga, Kuya alishusha nyimbo zote za kijana kwenye simu, maana ukishatoka nje mtandao unakatika. Siku 19 baharini nyimbo hizo zilipigwa jikoni asubuhi na jioni hata Wahindi na sisi tukazishika. Tulipokaribia bandari mtandao ukarudi, simu zikaanza kulia, na Kuya hakumpigia mke kwanza. Alifungua ukurasa wa mpwa. Akakaa juu ya kreti la vitunguu akatusomea maoni ya watu moja baada ya jingine, ya Kitagalogi, lugha ya kwao, akitutafsiria. Kijana alikuwa amefikisha wasikilizaji 1,000. Siku ile tulikula pansit, zile tambi zao za sherehe, mpaka kapteni akashuka kuuliza kuna nini.

Dada wa Muscat

Asanteni kwa uzi. Mimi nimefanya kazi za ndani, chumba kimoja na dada wa Kifilipino. Nilimwita Ate, dada mkubwa kwa kwao. Nyumba ile simu zetu zilikuwa zinachukuliwa asubuhi tunarudishiwa saa nne usiku. Kwa hiyo muziki wetu ulikuwa ni ule wa saa nne, taa imezimwa, sauti chini kabisa.

Ate aliwapenda Cup of Joe, vijana wa Baguio, mji wa milimani, tangu hawajavuma. Mwaka 2024 walipotoa "Multo" aliniambia maana yake ni mzimu, mtu uliyempenda ambaye hatoki ndani ya nyumba ya moyo wako. Nikamwambia huyo kwetu tunamjua vizuri sana, taarabu imemwimba sana! Mwaka uliofuata wimbo ukashika namba 1 kwenye chati ya Billboard Philippines. Ate alilia kama ni mwanawe aliyefaulu mtihani.

Yeye ndiye aliyenifundisha *salamat*, asante. Nikamwonyesha kwamba ni ndugu wa salama yetu, yote mawili asili yake ni Kiarabu. Tangu siku hiyo tukawa tunaagana hivyo kabla ya kulala: yeye salama, mimi salamat.

Fundi sauti Arusha

Niongeze kidogo kwa upande wa kazi. Watu wanasema Wafilipino wamezaliwa na sauti. Mimi naona wamezaliwa kwenye nyumba zinazoimba: birthday videoke, msiba videoke, na zamani kijana akimpenda binti alikwenda kumwimbia chini ya dirisha, wanaita *harana*. Halafu kuna redio yao moja, Wish 107.5, ina basi la vioo ambalo ndani yake ni studio. Msanii anaimba laivu, video inapanda YouTube. Hakuna pa kujificha mle.

Ila nataka tumkumbuke Noel Gomez. Huyu alikuwa shabiki na rafiki wa Arnel Pineda, mwimbaji aliyewahi kulala nje Manila akiwa mtoto baada ya kufiwa na mama. Gomez alimrekodi akiimba na bendi yake, akapandisha video mwenyewe. Mwaka 2007 Neal Schon, mpiga gitaa wa Journey, bendi ya roki ya Marekani, akaziona alipokuwa akitafuta mwimbaji, na Pineda akachukuliwa akiwa na miaka 40. Kila ninapomsikia Pineda namuwaza yule aliyeshika kamera. Sauti ilikuwepo miaka yote.

Mdau wa Kigoma

Swali kwa mleta uzi. Bando letu ni hili hili la kupima. Nikimpenda chipukizi wa mbali, nimfanyie nini hasa chenye faida kwake?

Mleta uzi

Mkuu, mimi naangalia mpaka mwisho, naweka kwenye status, na naandika maoni yanayotaja kitu halisi. "Pale uliposhusha sauti ubeti wa pili" humwonyesha kwamba umesikiliza kweli.

Halafu niwape mrejesho. Jana aliingia laivu saa tatu usiku ya kwao, huku ni saa kumi jioni. Tulikuwa watu 41. Wimbo wa pili waya wa gitaa ukakatika. Akaliweka pembeni, akamalizia kwa kupiga kiganja kwenye paja. Mwishoni akawa anasoma majina. Alipofika kwangu akasimama, akauliza kwa Kiingereza kama ni mimi yule wa hospitali, na mama anaendeleaje.

Mama alikuwa barazani anachambua mchele, ametoka wiki 3 zilizopita. Nikamgeuzia simu. Nikaandika "asante", binti akajaribu kuitamka mara mbili, ya pili ikatoka sawa.

Mama akaniuliza, "Huyu ndiye yule wa tafadhali?"