Ushauri tafadhali: simu ya kituo imeninyima usingizi

Mtetezi_Eastlands: Makomredi, naombeni ushauri. Najitolea katika kituo cha haki za kijamii huku Eastlands, Nairobi. Tangu maandamano ya Juni 2024 simu ya dharura ya kituo inalala kwangu. Mzazi akimkosa mwanawe, ananipigia mimi. Tunaanza na vituo vya polisi kuulizia OB (daftari la matukio la polisi), tunaingia hospitali, mwisho mochari. Majuzi nilimsindikiza mama mmoja. Mhudumu akavuta droo ya kwanza, siye. Akavuta ya pili. Tangu hapo simu ikitetema, hata ya abiria mwenzangu kwenye matatu, moyo unanienda mbio. Silali, nawafokea watoto. Nikiwaza kupumzika naona nawatupa wale akina mama. Nifanyeje?

Kaka_Mtaa: Pole sana komredi. Zima simu, nenda ushago wiki moja upumue.

MamaHaki: Kaka, aende, lakini akirudi simu itamkuta palepale. Kosa ni kituo kizima kumwachia mtu mmoja. Kwetu simu huhama kila Jumatatu, na anayeishika haendi mochari. Wa mochari huenda wawili, na jioni yake hawarudi nyumbani moja kwa moja. Tunaketi kwa mmoja wetu, chai na mandazi. Anayetaka kusema aliyoyaona anasema, asiyetaka ananyamaza na hakuna wa kumchokonoa. Na mkiandika ombi la ufadhili, wekeni pesa za ushauri nasaha kama mnavyoweka nauli.

Mzee_wa_SabaSaba: Mwanangu, mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa nao. Polisi wakawapiga, wakahamia Kanisa la All Saints na kukaa humo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao wakaachiliwa. Mwaka mzima hauendi bila mtu wa kukuambia, "Lala, mimi niko macho." Hukuwatupa akina mama. Tafuta wa kukesha badala yako.

Muuguzi_Kayole: Hizo ni dalili za kiwewe, usizitibu kwa maneno yetu pekee. IMLU, shirika la madaktari na wanasheria wa haki za binadamu, wana washauri wa waathiriwa wa mateso na ukatili wa polisi, na Defenders Coalition husaidia watetezi kama wewe. Usiku ukikulemea, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Tafadhali usingoje mpaka uanguke.

Mtetezi_Eastlands: Asanteni sana, nimesoma kila neno. Kwenye mkutano ujao wa kituo nitaomba tuanze zamu. MamaHaki, simu ikihama mnafanyaje ili mama asiulizwe maswali yaleyale upya?

MamaHaki: Daftari moja, linahama na simu. Jina la kijana, namba ya OB, nguo alizovaa siku hiyo, nani ameshapigiwa na alijibu nini. Picha za miili tunazihifadhi kwenye kompyuta ya kituo na kuzifuta kwenye simu siku hiyohiyo. Kama bado unazo kwako, anza na hizo leo.