Wenye pumu wa Dar tupeane uzoefu: nyumbani kwako nini kinakubana, na inhela unaitumiaje?

Mpangaji wa Tabata
Wadau, naandika hii saa tisa usiku nimekaa kwenye kiti cha plastiki, viwiko juu ya magoti, maana nikilala chali kifua kinapiga filimbi. Umeme ulikatika tangu magharibi, na joto la Desemba mnalijua. Uliporudi nikabonyeza swichi ya pangaboi bila kufikiri. Tangu nihamie hapa sijawahi kulifuta. Likaanza taratibu, likashika kasi, mara mapande ya vumbi yakaanza kudondoka kitandani kama mto wa sufi umepasuka. Hata robo saa haikupita.

Inhela ya bluu, ile pampu ya kuvuta dawa, nimeikuta ndani ya kiatu, msiniulize ilifikaje. Nimevuta, naanza kupata nafuu. Nina pumu mwaka wa kumi na mbili huu, na leo ndiyo najiuliza kama hiki kitu nakitumia sawasawa. Nyie wenzangu mnaishije? Usingizi wenyewe umeshaondoka.

Sikujua Hili
Pangaboi! Ngoja nikaliangalie la kwangu.

Binti Manzese
Wewe una bahati, adui yako unamzima kwa swichi. Wa kwangu ni jirani. Nyumba yetu vyumba sita, korido moja, na mvua ikinyesha majiko manne ya mkaa yanapangwa humo humo. Tena mkaa una nafuu kuliko kinachouwashia. Kuna mmoja anawasha kwa vipande vya ndoo na mifuko ya rambo. Si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019? Sijui yeye anaitoa ghala gani. Ule moshi mweusi ukipenya chini ya mlango, nimekwisha. Nikilalamika naambiwa najidai, nikapange Masaki. Mwisho mwenye nyumba katangaza majiko yawashiwe uani, moto ukikolea ndiyo yaingie. Wawili wametii. Wa ndoo bado.

Dereva Mstaafu
Moto ukikolea ndiyo balaa lenyewe dada. Ile hewa ya mkaa haina harufu, inaua watu wamelala. Jiko lisiingie ndani kabisa.

Binti Manzese
Basi njoo uwaambie wewe, mimi nimeshatukanwa vya kutosha.

Mama Wawili
Sikutaka kuchangia ila nimeshindwa. Hii ilitokea Mbagala, mwezi wa nne, masika imepamba moto. Nyumba ilikuwa imeingiwa na maji wiki nzima, ukutani nyuma ya kitanda cha watoto ukungu mweusi umepanda mpaka usawa wa dirisha. Nilikuwa nausugua, kesho umerudi. Mdogo ana miaka minne. Jioni alianza kukohoa kikohozi kikavu, nikampa pafu mbili, yaani mibonyezo miwili ya inhela, akalala. Saa saba usiku nimeamshwa na ukimya. Kukohoa nilishakuzoea, mtoto aliyenyamaza namna ile sikuwahi kumuona. Nikawasha tochi ya simu: amekaa kitandani, mikono kaikaza kwenye godoro, na kila akivuta pumzi ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani, hapa kooni panafanya shimo. Anataka kulia na sauti haitoki.

Nikachukua inhela nikapuliza. Pssss. Nikapuliza tena na tena. Mtoto vilevile. Kumbe mle ndani dawa ilishaisha siku nyingi, inayotoka ni hewa ya kusukumia tu. Nami nilikuwa nimeipima wiki ile ile kwa kuielea kwenye bakuli la maji, kama nilivyofundishwa na shoga yangu, nikaona bado ipo. Nesi baadaye aliniambia hicho kipimo cha bakuli hakifai. Mtungi una pafu 200, kama hauna kihesabio unahesabu mwenyewe kwa kalamu.

Bodaboda alikataa, akakubali, akakataa tena alipoona maji barabarani. Mwisho tukaenda, mimi nyuma, mtoto katikati nimemfunika na mfuko wa saruji. Zahanati tuliyofika mashine ya kuvutisha mvuke wanayo, umeme hawana. Nikakaa chini sakafuni, miguu imekataa. Nesi, mama wa makamo, hakusema neno. Kaokota chupa tupu ya maji ya nusu lita, kakata tundu kwenye kitako kwa wembe, kachomeka inhela mpya, kazungushia plasta. Shingo ya chupa akaiweka mdomoni kwa mwanangu. Bonyeza moja, mtoto avute pumzi tano. Bonyeza tena, pumzi tano. Mara nne. Kasubiri dakika ishirini akiangalia saa yake ya mkononi kwa tochi, karudia. Mara ya tatu mwanangu akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile. Asubuhi alihamishiwa hospitali, akawekewa oksijeni siku mbili.

Chupa ninayo mpaka leo.

Sikujua Hili
Pole sana dada. Nimesoma huku nimezuia pumzi mwenyewe.

Asali na Tangawizi
Poleni. Ila niwaambie ukweli ambao hamtaki kuusikia: hizo inhela zinazoesha. Ukishaanza huachi, na moyo unatanuka. Tangawizi, asali mbichi na habbat soda, asubuhi na jioni, mimi mwaka wa tatu sijagusa pampu.

Dereva Mstaafu
Miwani nayo inazoesha? Mbona bibi zetu hatuwavui?

Asali na Tangawizi
Mkuu usilete kejeli. Nimesema uzoefu wangu.

Binti Manzese
Uzoefu wako peleka kwa mtoto aliyebanwa saa saba usiku tuone asali inafika saa ngapi kwenye mapafu.

Mjukuu wa Kiwalani
Msigombane. Tafuteni kobe. Unamfuga ndani, pumu yote inahamia kwake. Shemeji yangu alipona hivyo hivyo.

Dereva Mstaafu
Kufuga kobe bila kibali ni kosa, huyo ni mali ya wanyamapori. Pumu itahamia kwa kobe, wewe utahamia gereza la Segerea.

Nesi wa Zamani
Niingilie hapa, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Mama Wawili, ile chupa si ubunifu wa kubahatisha. Watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa, wakachapisha mwaka 1999 kwenye jarida la Lancet: chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Ioshe kwa maji ya sabuni na usiifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe, la sivyo dawa inanata kwenye kuta za chupa.

Na nyie watu wazima. Nusu yenu mnapuliza inhela kama mnapuliza dawa ya mende: mdomo wazi, bonyeza, umemaliza. Dawa yote inabaki ulimini. Tikisa kwanza. Toa pumzi yote nje. Banisha midomo. Anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta mpaka mwisho, zuia pumzi uhesabu kumi. Tulia kidogo ndiyo ya pili. Ile ya kahawia ukimaliza sukutua uteme maji, usipofanya hivyo utaota utando mweupe mdomoni.

Mpangaji wa Tabata
Samahani nesi, ya kahawia ndiyo ipi?

Nesi wa Zamani
Miaka kumi na mbili!

Ya bluu ni salbutamol. Inalegeza njia ya hewa kwa saa chache tu, uvimbe ulioko ndani haiugusi. Uvimbe unatulizwa na ile nyingine, mara nyingi ni ya kahawia ingawa rangi hubadilika kwa kampuni. Hiyo ni ya kila siku, hata siku unayojiona mzima. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, haukubali mtu mzima aendeshwe kwa salbutamol peke yake. Ukiona unamaliza mitungi mitatu ya bluu kwa mwaka, ujue pumu yako haijatulia.

Mpangaji wa Tabata
Mitatu kwa mwaka? Mimi namaliza mmoja kila mwezi.

Nesi wa Zamani
Mwanangu, kukipambazuka nenda kliniki. Sitanii, na pangaboi usilisingizie.

Kijana wa Posa
Nimecheka pale kwenye kobe, ila mmenikumbusha siku ya kujitambulisha ukweni, Magomeni. Mshenga wangu alinionya: pampu usiitoe mbele za watu, wazee wanaamini pumu ni ya ukoo, watakunyima mtoto wao. Akaichukua akaitia kwenye mfuko wa kanzu yake. Tukaingia. Sebule ndogo, mazulia mawili moja juu ya jingine, watu kama ishirini. Shangazi wa binti akaingia na chetezo. Udi wa kweli ule, wa kuwekewa mgeni wa heshima. Akatupitishia mmoja mmoja, kwangu akakaa zaidi maana ndiye bwana harusi mtarajiwa. Kisha akafunga mlango na madirisha ili harufu isitoroke.

Geuka nimtafute mshenga: katoka nje kupokea simu.

Baba mkwe akaniuliza, "Kijana, unafanya shughuli gani?" Nikajibu, "Fundi." Pumzi. "Wa." Pumzi. "Friji." Wakatazamana. Nikasikia shangazi ananong'ona, "Ana haya huyu, kalelewa vizuri." Jasho linanitiririka mgongoni, nimeanza kuhesabu mistari ya mkeka wa ukutani ili nisianguke. Akaniuliza kabila, nikaonyesha kidole dirishani. Nilikuwa naomba lifunguliwe, wao wakadhani nawaonyesha kwetu ni upande wa Pwani.

Pembeni kulikuwa na bibi mmoja kizee, hajasema kitu tangu tuingie. Ghafla akapiga ukelele: "Mtoto wa watu anakufa, toeni chetezo!" Akanijia kwa kutambaa, akafungua fundo la pindo la khanga yake. Mimi nilidhani anatoa ubani mwingine. Akatoa pampu ya bluu. Ya kwake. Akaifuta kwa khanga akanipachika mdomoni.

Sikujua Hili
Yesu na Maria.

Binti Manzese
Sasa ulipewa mke au hukupewa???

Nesi wa Zamani
Kuazimana inhela si vizuri, mdomo wa mtu ni mdomo wa mtu. Lakini siku ile bibi alifanya la maana.

Mama Wawili
Na mshenga je? Alirudi?

Asali na Tangawizi
Mimi udi hapa nipo na nyie, haufai kabisa kwa mwenye pumu. Kwetu mke wangu hauchomi tena.

Dereva Mstaafu
Kwa nini hauchomi wakati tangawizi imeshakuponya?

Asali na Tangawizi
Mkuu tuheshimiane.

Godoro Kavu
Nachangia kidogo kabla kesi haijaanza upya. Kwangu dawa ilikuwa kitanda. Mito ya sufi nimetupa, zulia nimegawa, mashuka nafua kwa maji ya moto kila wiki, godoro naliegemeza juani Jumapili. Kuna vidudu humo havionekani kwa macho, vinapenda unyevu, na Dar unyevu ni wa bure. Mende pia, kinyesi chao kinabana. Usiwapulizie dawa usiku ukalala humo humo, utakimbia wewe wao wakibaki. Na ile dawa ya mbu ya kuchoma ya mviringo nimeacha, nalala kwenye chandarua. Chandarua nacho kinashika vumbi, kifuliwe, kianikwe kivulini.

Binti Manzese
Ahsante, lakini tunasubiri jibu la posa.

Mjukuu wa Kiwalani
Mwenye kobe mdogo anitafute pembeni.

Dereva Mstaafu
Wasimamizi mpo?

Kijana wa Posa
Mshenga alirudi akakuta watu wananipepea kwa sinia, akauliza kwa sauti, "Nani kawaambia kuwa ana pumu?" Ndipo walipojua kwamba tulikuwa tunaficha. Baba mkwe alikasirika kweli, ila si kwa sababu ya pumu, kwa sababu ya uongo. Tulitozwa faini ya mbuzi. Bibi ndiye aliyenitetea, akasema yeye ana pumu tangu yuko msichana na kazaa tisa. Mengine namalizia jioni, mteja kaniita, friji inavuja.

Binti Manzese
Yaani anatuacha hapa!

Mpangaji wa Tabata
Nimefika kliniki, nina namba 41, wameita ya 17. Inhela nimeihamisha kutoka kwenye kiatu, ipo mfuko wa shati. Kaja mama kakaa kiti cha pembeni, kajipulizia manukato utadhani anakwenda kitchen party. Nahama kiti.