Ulinganisho: grep, ack, ag na ripgrep, kwa kasi na kwa utani wa majina yake

Mlezi_wa_Maabara
Wanajukwaa, salamu. Ninasimamia maabara ya kompyuta ambamo wanafunzi hutafuta maneno ndani ya miradi mikubwa ya msimbo, na mashine zenyewe ni za zamani, nyingi zikiwa na diski za kuzunguka na prosesa zenye viini viwili. Nataka kuchagua zana moja ya kutafuta maneno kati ya hizi nne, grep, ack, ag na ripgrep, kisha niifundishe vizuri. Kinachonivutia zaidi ni kwamba zana hizi hujisifia kasi kwa mzaha: ack ilitangazwa kuwa inampunguzia mtu asilimia 25 ya herufi za kuandika kuliko grep, kisha ag ikaja na kusema kuwa jina lake ni fupi kuliko ack kwa asilimia 33, na kwamba herufi zake zote ziko kwenye safu ya kati ya kibodi, pale vidole vinapopumzika. Naomba mnisaidie kutenganisha mzaha na kazi.

Fundi_wa_Seva
Ndugu Mlezi, mimi nadhani mzaha na kazi hapa vimetoka katika tabia moja, ile ya kuchukia kufanya jambo lisilo la lazima. Ken Thompson alipoitoa grep mwaka 1973, jina alilichukua katika amri ya kihariri cha maandishi cha ed, g/re/p, inayoagiza kutafuta ruwaza (mpangilio wa herufi unaotafutwa) katika faili nzima na kuchapisha mistari iliyopatikana. Hakuna herufi iliyopotea.

Kasi ya grep ya mradi wa GNU, ule wa programu huria, imejengwa kwa tabia hiyo hiyo. Mwandishi wake wa mwanzo, Mike Haertel, alieleza mwaka 2010 kwamba siri ya programu yenye kasi ni kuifanya isifanye karibu chochote, na maneno hayo, ingawa yanachekesha, ni maelezo sahihi ya kiufundi. Programu hiyo hutumia mbinu ya Boyer na Moore ya mwaka 1977, ambayo huanza kulinganisha kwenye herufi ya mwisho ya neno linalotafutwa. Ikiwa herufi iliyopo kwenye maandishi haimo kabisa katika neno hilo, hurukwa nafasi zote zinazolingana na urefu wa neno, bila hata kuzitazama herufi zilizo katikati. Ndiyo maana neno refu mara nyingi hupatikana haraka kuliko neno fupi, jambo ambalo wanafunzi hawaliamini mpaka walipime wenyewe. Zaidi ya hayo, haihangaiki kuyakata maandishi kuwa mistari kabla haijapata kinachotafutwa.

Binti_Msimbo
Naungana na kaka Fundi, lakini swali liliihusu maabara, na huko grep peke yake inachosha. Ukiiambia ipite folda zote, itapekua hata historia ya Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, na faili zilizozalishwa na kompyuta. Andy Lester aliandika ack kwa lugha ya Perl ili kuondoa kero hiyo. Ag, ambayo jina lake kamili, The Silver Searcher, linataja madini ya fedha na amri yake ni alama ya kikemia ya madini hayo, iliandikwa kwa lugha ya C, ikagawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa na kuiacha ack mbali sana kwa kasi.

Ripgrep ya Andrew Gallant, ambayo amri yake ni rg, ilitangazwa mwaka 2016, imeandikwa kwa lugha ya Rust, na ndiyo inayofanya utafutaji ndani ya kihariri cha VS Code. Ndani ya neno unalolitafuta huchagua herufi inayokadiriwa kuwa adimu zaidi, kisha huisaka kwa maagizo ya prosesa yanayolinganisha baiti 16 au 32 kwa mpigo mmoja. Jambo lililo muhimu zaidi kwa wanafunzi ni kwamba injini yake ya kawaida, yaani sehemu inayolinganisha ruwaza na maandishi, haikwami kwenye ruwaza mbaya. Ruwaza kama (a+)+b inaweza kuifanya injini inayorudi nyuma kila inaposhindwa kujaribu njia zinazoongezeka maradufu kwa kila herufi, wakati muda wa ripgrep huongezeka kwa uwiano na urefu wa maandishi. Ukihitaji ruwaza zinazorejelea kundi la herufi lililokwisha kupatikana, unaongeza -P na kuupoteza ulinzi huo.

Mzee_wa_Terminali
Wanangu, mimi napinga sifa hizi za majina. Anayeanza kujifunza, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, haoni mzaha wowote katika rg. Anaona herufi mbili za kukariri.

Binti_Msimbo
Shikamoo, mzee. Kwa rg nakubali. Hata hivyo, mzaha ukielezwa mara moja humsaidia mwanafunzi kukumbuka ukoo wa zana. Programu ya more (yaani “zaidi”) huonyesha maandishi ukurasa mmoja mmoja, na ile ya less (yaani “pungufu”) ilipewa jina lililo kinyume kwa sababu inarudi nyuma pia na inafanya mengi kuliko mtangulizi wake. Programu hiyo ina kasi vilevile, kwa kuwa less haisubiri kusoma faili yote ndipo ianze, hivyo faili kubwa hufunguka mapema kuliko katika kihariri kama vi.

Mzee_wa_Terminali
Marahaba, binti. Basi waelezwe siku ya kwanza, wasiachwe wakisie.

Mpima_Kasi
Tahadhari kuhusu vipimo, ndugu Mlezi. Utafutaji wa kwanza husoma diski. Unaofuata mara nyingi hukuta faili zimeshabaki kwenye kumbukumbu ya mashine, na zana iliyojaribiwa ya pili huonekana bingwa bila kustahili. Pima kila moja mara kadhaa. Kwenye diski ya kuzunguka usitarajie maajabu ya viini vingi, kwa sababu kichwa cha diski ndicho kinachochelewesha. Ukipata fedha, nunua SSD, diski isiyozunguka, kabla ya kufikiria prosesa mpya.

Mlezi_wa_Maabara
Nawashukuru sana. Nitafundisha ripgrep kwa kazi ya kila siku, na skripti za seva zitabaki na grep, kwa kuwa imo katika POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, na hupatikana karibu kila mahali. Ack na ag nitazitaja katika somo la historia.

Fundi_wa_Seva
Uamuzi mzuri. Waonye tu kwamba ripgrep huruka faili zilizotajwa kwenye .gitignore (orodha ya faili ambazo Git huziacha), faili zilizofichwa na zile zisizo za maandishi. Mwanafunzi akiapa kwamba neno lipo na halionekani, mwambie aongeze -uuu, nayo itapekua kila kitu.