Kofia ya mkono na ya mashine, mnazijuaje?

mkwe_mtarajiwa
Wakuu habari zenu. Wiki ijayo naenda kujitambulisha ukweni, mzee ni mtu wa Unguja na nimeambiwa ukimpelekea kofia nzuri ya viua, ile yenye maua ya vitobo vya kushonwa, umemaliza kazi. Sasa nimezunguka Darajani tangu asubuhi mpaka miguu inauma, jamaa mmoja ana kofia anasema ya mkono anataka laki na nusu, duka la pili naona kama ileile tu elfu kumi na tano. Nimezishika zote nimeona vitobo, basi. Nikitoa hela ya mkono nikabeba ya mashine mzee ataijua hata hajaivaa, na mimi ndo ntakuwa nimekaa hapo mkekani. Mnazitofautishaje?

bintlamu
Igeuze ndani nje kaka. Kwetu Lamu mama anashona kofia za vito, hizihizi za vitobo, tangu sijazaliwa na mteja anayejua hatizami nje kabisa, anapindua kwanza. Ya mkono kila kitobo kimetobolewa halafu kikazungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, kwa hiyo ndani na nje hazipishani sana, na kitobo kiko wazi kweli, ukiinyanyua juani unaona mwanga unapita kama chujio. Ya mashine ina uzi wa juu na uzi wa bobini, ndani utakuta uzi mwingine kabisa, mara nyingi mweupe mwembamba hata kama juu ni kahawia, na utaona umeruka toka ua moja hadi jingine bila kukatwa.
Halafu chukua vitobo vitatu vilivyo jirani uvilinganishe. Vya mama havifanani, hiki kimekaza, hiki kimelegea kidogo kwa sababu aliinuka akatizame chungu. Mashine haina chungu jikoni. Na kofia moja inamchukua miezi, ndo maana ukitajiwa elfu kumi na tano usiulize mara mbili, ni ya mashine.

Kibiriti
Mnazunguka sana. Chomoa uzi uchome. Ukinuka kama karatasi na kubaki jivu laini ni pamba, mkono huo. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu ni poliesta, mashine.

fundi_wa_kona
Hapana mkuu hapo umepotosha. Moto unakwambia uzi ni wa nini, haukwambii nani kaushona. Wapo kina mama wanashonea poliesta na mashine ya kudarizi inakula uzi wa pamba vizuri tu. Alafu sijui muuza duka gani atakuacha uwashe kibiriti kwenye bidhaa yake 😂
Mimi ni wa cherehani, naongeza hili. Zipo za mchanganyiko, mistari kapiga cherehani vitobo kafanya mkono. Sio wizi akikwambia mapema, ila isiwe bei ya mkono mtupu. Na usidanganyike na ugumu, nyingi za mashine zinasimama kwa sababu ya gamu iliyowekwa ndani, ukifua mara mbili tatu inatoa malengelenge. Ya mkono inasimamishwa na mishono yenyewe ilivyobanana, ikilegea unaitia wanga unaianika juu ya bakuli inarudi.

kumma_maskati
Huku Oman tunaiita kumma, ni ndugu wa hiyo yenu na shida ni hiyohiyo, za mashine zimejaa madukani. Mimi naangalia pale mkanda wa pembeni unapokutana. Za bei ndogo nyingi ua limekatika nusu, mashine imedarizi ndefu wao wakakata tu. Ya mkono mchoraji kapima kichwa kwanza ndo akagawa maua yake. Kichwa cha mzee umekipima lakini?

mkwe_mtarajiwa
Asanteni sana, bintlamu mwambie mama shikamoo. Nimerudi kwa yule wa laki na nusu nikaipindua mbele yake, nyuzi zinaruka kila mahali. Namuuliza ananijibu "hiyo ni ya mkono wa mashine". Nikamwachia. Nimeelekezwa kwa bibi mmoja anashona nyumbani anayo moja iko tayari, vitobo vinapitisha mwanga, ndani safi.
Kichwa sijapima 😅 hapa namtumia ujumbe mwenzangu achukue kofia ya baba yake kisirisiri aizungushie uzi.